MNYOO WA MOYO WA MBWA: KIPIMO KINASEMA NINI, NA HAKISEMI NINI

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Leo hatutazungumza juu ya ng'ombe wala mbuzi wa maziwa. Tutazungumza juu ya mbwa. Tunajua wengine wenu mtacheka. Lakini hebu tuulizane: ni nani anayelinda nyumba ya kuku ya kikundi usiku? Ni nani anayebweka mwizi akikaribia ghala la mahindi? Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinamhesabu mtu anayejali maisha ya mnyama wake kuwa miongoni mwa wenye haki. Hakikusema ng'ombe peke yake.

Kuna swali ambalo vikundi vimekuwa vikituuliza. Siku hizi madaktari wa mifugo wanaweza kumpima mbwa kwa kifaa kidogo cha haraka. Anatolewa damu kidogo, mnangoja dakika chache, mstari unatokea au hautokei. Halafu mwenye mbwa anaambiwa, "Mbwa wako ana mnyoo wa moyo," au, "Hana." Swali ni hili: je, tuamini?

Jibu letu ni kwamba kipimo kizuri ni kitu cha kushukuru, lakini kila kipimo kinajibu swali moja dogo tu. Ukijua ni swali gani kilichoulizwa, kitakusaidia. Usipojua, kitakupoteza. Na hasara yake si ndogo. Ukiamini "ndiyo" isiyo ya kweli, mbwa mzima atadungwa dawa kali yenye aseniki, au atauawa bure, na pesa zitakuwa zimekwenda. Ukiamini "hapana" isiyo ya kweli, mbwa mgonjwa ataendelea kudhoofika mpaka afe, na mbu watakuwa wakichukua ugonjwa kwake na kuupeleka kwa mbwa wa jirani.

MNYOO WENYEWE

Mnyoo wa moyo, ambao wataalamu huuita Dirofilaria immitis, haukai tumboni kama minyoo tuliyoizoea. Unakaa ndani ya mishipa mikubwa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi mapafuni. Ikiwa mingi, inaingia hata ndani ya moyo, upande wa kulia. Ni myeupe na myembamba kama tambi. Mnyoo jike hufika sentimita 25 hadi 30, yaani urefu wa rula ya mtoto wa shule. Dume ni mfupi zaidi. Mnyoo mmoja unaweza kuishi ndani ya mbwa miaka 5 hadi 7.

Mbwa hampi mwenzake ugonjwa huu kwa kulambana wala kwa kula pamoja. Anayeubeba ni mbu. Majike ya mnyoo huzaa vitoto vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huogelea katika damu. Mbu akimuuma mbwa huyo anavimeza pamoja na damu. Ndani ya mbu, kukiwa na joto kama la pwani, vitoto hivyo hukua kwa muda wa wiki mbili hivi. Baada ya hapo mbu akimuuma mbwa mwingine, mnyoo mchanga unaingia. Bila kupita kwa mbu, kitoto hakiwezi kuwa mnyoo mkubwa. Na joto likishuka chini ya nyuzi 14, kukua ndani ya mbu kunasimama. Ndiyo maana sehemu za joto na mbu wengi, kama pwani na kando ya Ziwa Victoria, ni za kuangaliwa zaidi kuliko sehemu za baridi kali za milimani. Lakini mbwa husafiri, na ugonjwa husafiri naye.

Ugonjwa huu si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1970 madaktari wa mifugo walichapisha habari za mnyoo huu katika mbwa wa Kampala.

Sasa shikeni jambo hili, maana tutalirudia. Kutoka siku mbu alipouma, hupita miezi 3 hivi au 4 kabla minyoo haijafika kwenye mishipa ya mapafu. Hupita miezi 6 au zaidi kabla majike hayajaanza kuzaa. Wakati huo wote mbwa anaonekana mzima, anabweka, anakula.

Na watu je? Mbu huyo anaweza kumuuma mtu, lakini mwilini mwa mtu mnyoo huu kwa kawaida hufa kabla ya kukomaa. Mbwa hawezi kumpa mtoto mnyoo huu kwa kucheza naye. Kwa hiyo msimfukuze mbwa wala kumpiga kwa sababu hiyo.

VIPIMO NI VIWILI, NA MASWALI NI MAWILI

Kipimo cha kwanza kinauliza: je, kuna vitoto vya mnyoo katika damu hii? Njia rahisi ni tone moja la damu juu ya kioo, chini ya darubini ya maabara. Vitoto vikiwa vingi utaviona vikicheza. Vikiwa vichache, tone moja halitoshi. Ni kama kuchota kikombe kimoja ziwani ukitafuta samaki. Njia bora iliitwa kwa jina la Knott, na asili yake ni mwaka 1939. Wanachukua mililita 1 ya damu, wanachanganya na mililita 9 za fomalini hafifu ya asilimia 2, wanaizungusha kwa mashine mpaka machicha yatulie chini, kisha wanaangalia machicha hayo. Njia hii inakusanya vitoto vya mililita nzima mahali pamoja. Haihitaji kifaa cha bei kubwa, bali inahitaji mtu wa maabara mwenye subira.

Kipimo cha pili ndicho kile cha haraka cha mistari. Hakitafuti vitoto. Kinatafuta antijeni, yaani uchafu mdogo wa protini ambao mnyoo unaumwaga katika damu. Na protini hiyo hutoka hasa katika viungo vya uzazi vya mnyoo jike aliyekomaa. Kwa hiyo kipimo hiki kinauliza: je, kuna majike makubwa humu? Hakiulizi habari za madume. Hakiulizi habari za minyoo michanga. Hakikuambii minyoo ni mingapi wala moyo umeumia kiasi gani.

Mwaona basi? Mbwa mmoja, siku moja, anaweza kupata "hapana" kwa kipimo kimoja na "ndiyo" kwa kingine, na vyote viwili visiwe vimedanganya. Kila kimoja kimejibu swali lake.

"HAPANA" AMBAYO SI HAPANA

Tuanze na mbwa anayeambiwa hana, kumbe anao. Sababu ni hizi:

Moja, muda haujafika. Ninyi mnajua habari ya kipimo cha Ukimwi, kwamba mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kuonekana hana virusi na akaambiwa arudi baadaye. Hapa pia ni hivyo, ila muda ni mrefu zaidi. Kipimo cha mistari hakitegemewi kuona kitu kabla ya miezi 5, na mara nyingi ni miezi 6 au 7 tangu mbu alipouma. Kwa hiyo kumpima mtoto wa mbwa wa miezi 3 ni kutupa pesa. Shauri la wataalamu ni kungoja mbwa afikishe miezi 7.

Mbili, minyoo ni michache, au ni madume matupu. Jike mmoja au wawili wanaweza kutoa protini kidogo mno, mstari usitokee. Madume peke yao hayataonekana kabisa.

Tatu, vitoto havipo lakini wazazi wapo. Mbwa wengine wana minyoo mikubwa moyoni na hawana hata kitoto kimoja katika damu. Labda minyoo yote ni ya jinsia moja, au mwili wa mbwa umeviua vitoto. Mtu wa darubini ataangalia mpaka achoke na aseme damu ni safi.

Nne, na hii inatuhusu sana vijijini. Wengi wetu tukiona mbwa amekonda, tunachukua ile dawa ya minyoo ya ng'ombe, ya aivamektini, tunampa. Dawa za namna hiyo zinaweza kuondoa vitoto katika damu, na wale wakubwa wabaki moyoni. Baadaye unampeleka kupimwa kwa darubini, hapaonekani kitu, nawe unarudi nyumbani unafurahi. Dawa imefuta nyayo, lakini mwizi bado yumo ndani ya nyumba. Kwa hiyo mwambie daktari kila dawa uliyompa mbwa, hata kama unaona haya.

Tano, protini imefungwa. Mwili wa mbwa unatengeneza kingamwili, nazo zinaweza kuishika ile antijeni na kuifunika mpaka kipimo kisiione. Maabara zinajua njia ya kuifungua: wanayachemsha yale maji ya damu kwa joto la nyuzi 100 na zaidi kidogo kwa dakika 10, halafu wanapima tena. Wakati mwingine "hapana" inageuka kuwa "ndiyo". Si kazi ya kufanywa kwa kila mbwa, bali ni ya mbwa ambaye dalili zake zinasema jambo moja na kipimo kinasema jingine.

Sita ni makosa yetu sisi binadamu. Kifaa kimepita tarehe yake. Kimekaa ndani ya gari juani. Mtu amesoma mstari kabla ya wakati ulioandikwa katika maelekezo, au amekisahau akaja kukisoma baadaye sana. Au chupa hazikuandikwa vizuri. Katika kijiji kimoja mbwa wanaoitwa Simba hawapungui sita! Chupa ikiandikwa "Simba" tu, nani atajua ni Simba wa nani? Andikeni jina la mbwa, jina la mwenyewe, rangi ya mbwa na tarehe.

"NDIYO" AMBAYO SI NDIYO

Upande wa pili ni mbwa anayeambiwa anao, kumbe hana.

Kwa darubini, hatari ni kwamba si kila kitoto kinachoogelea katika damu ya mbwa ni cha mnyoo wa moyo. Hapa Kenya jambo hili linajulikana tangu zamani. Mwaka 1958 wataalamu walieleza mnyoo mwingine wa aina hii kutoka kisiwa cha Pate, huko Lamu, unaokaa katika mbwa, paka na wanyama wengine, nao siku hizi unaitwa Brugia patei kwa jina la kisiwa chenyewe. Kuna Dirofilaria repens, ndugu wa mnyoo wa moyo, ambao unakaa chini ya ngozi. Na mwaka 1963 ilichapishwa habari ya mwingine katika mbwa wa Kenya, ambao haubebwi na mbu bali na yule nzi bapa anayeng'ang'ania manyoya ya mbwa. Hiyo yote ina vitoto katika damu, navyo vinafanana. Kuvitenganisha kunataka kupima urefu wake na kuangalia kichwa na mkia, kazi ya mtu aliyefundishwa. Mtu asiyefundishwa akiona kitu kinacheza atasema tu, "Mnyoo wa moyo huo!" Lakini ile minyoo mingine haikai moyoni, na kumpa mbwa dawa ya aseniki kwa ajili yake ni kumtesa bure.

Tena, mama mwenye vitoto hivyo anaweza kuwapa watoto wake wangali tumboni. Mtoto wa mbwa wa namna hiyo ana vitoto katika damu lakini hana mnyoo hata mmoja moyoni. Bila kupita kwa mbu, vitoto hivyo havitakua.

Kwa kipimo cha mistari, kosa la namna hii ni la nadra, lakini lipo. Kuna mnyoo unaoitwa Spirocerca lupi, unaofanya vivimbe katika koo la chakula la mbwa. Mbwa huupata kwa kula wale wadudu wanaoviringisha mavi, au wanyama wadogo waliokula wadudu hao. Kenya unajulikana sana, na habari zake katika mbwa wetu zilichapishwa mwaka 1977. Imeonekana kwamba mbwa mwenye mnyoo huu anaweza kuonyesha "ndiyo" ya uongo kwa kipimo cha mnyoo wa moyo, hasa yale maji ya damu yakichemshwa kwanza. Mnaona? Ile njia inayofunua minyoo iliyofichwa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuleta mgeni asiyehusika.

HESABU KIDOGO

Waweka hazina, hapa tunawahitaji. Chukueni kalamu. Hizi si takwimu za mahali fulani. Tumechagua namba rahisi za kuhesabu.

Tuseme tuna kipimo kinachowashika wagonjwa 9 katika kila 10, na kinachowasingizia wazima 2 katika kila 100. Kwa masikio ni kipimo kizuri, sivyo?

Sasa twende mahali pa baridi ambapo ugonjwa ni nadra. Kuna mbwa 1000, na wagonjwa ni 10 tu. Kipimo kitashika 9 na kumkosa 1. Wazima ni 990, na kwa kila 100 kinasingizia 2, kwa hiyo kitasingizia kama 20. Jumla ya walioambiwa "ndiyo" ni 29. Wagonjwa wa kweli kati yao ni 9. Yaani katika kila watatu walioambiwa wanaugua, wawili hivi ni wazima!

Haya, twende mahali pa mbu wengi, ambapo kati ya mbwa 1000 wagonjwa ni 300. Kipimo kitashika 270 na kukosa 30. Wazima ni 700, na watakaosingiziwa ni 14. Walioambiwa "ndiyo" ni 284, na 270 ni wagonjwa kweli. Hapa "ndiyo" ina nguvu. Lakini angalieni upande wa pili: mbwa 30 wagonjwa wamerudi nyumbani na cheti cha afya.

Kipimo ni kile kile, mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali. Vifaa vizuri vya siku hizi hukosea kwa nadra kuliko mfano wetu, lakini mwendo wa hesabu haubadiliki. Mahali ugonjwa ulipo nadra, shuku "ndiyo". Mahali ulipojaa, shuku "hapana".

TUFANYEJE BASI?

Mnakumbuka Gideoni, katika kitabu cha Waamuzi sura ya 6. Aliomba ishara: ngozi ya kondoo ilowe umande na ardhi iwe kavu. Ikawa hivyo. Lakini hakutosheka. Aliomba tena kwa kugeuza: ngozi iwe kavu, ardhi ilowe. Alijua kwamba ngozi inaweza kulowa kwa sababu nyingine. Hakurudia tu jambo lile lile, bali aliuliza kwa njia nyingine. Nasi tufanye hivyo kabla ya jambo zito.

Kwanza, anzeni na mbwa mwenyewe, si na kifaa. Je, anakohoa? Anachoka haraka akikimbia? Amekonda? Tumbo limejaa maji? Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Kukonda na kuchoka kunaletwa pia na minyoo ya tumbo, na magonjwa ya kupe, na nagana ya mbung'o, ambayo inamuua mbwa upesi. Mwite afisa wa mifugo wa wadi au daktari aliyesajiliwa. Sheria ya mwaka 2011 inataka wanaotibu wanyama wasajiliwe, na mna haki ya kuomba kuona cheti.

Pili, fanyeni vipimo vyote viwili, cha antijeni na cha vitoto. Hilo ndilo shauri la wataalamu wa ugonjwa huu, maana kimoja kinaona kile ambacho kingine hakioni. Kama hakuna maabara karibu, daktari anaweza kupeleka damu katika maabara ya serikali ya mifugo, kama ile kuu ya Kabete au zile za mikoani kama Mariakani na Karatina. Vikundi vinaweza kuungana, mbwa kumi wapimwe safari moja, gharama ya usafiri igawanywe.

Tatu, "ndiyo" irudiwe kabla ya dawa. Chukueni damu mpya, na ikiwezekana kifaa cha namna nyingine. Daktari mwenye eksirei au altrasaundi anaweza kuangalia mapafu na moyo. Msione aibu kuomba kipimo cha pili. Daktari mwema hatakasirika.

Nne, "hapana" iwe na tarehe. Iandikeni katika daftari la kikundi hivi: "Hakuonekana na mnyoo tarehe fulani." Msiandike "Hana mnyoo." Kama mbwa anaishi penye mbu wengi, apimwe tena baada ya miezi 6, kisha kila mwaka pesa zikipatikana.

MBONA TUNASISITIZA HIVI?

Kwa sababu matibabu yenyewe si mchezo. Dawa inayoua minyoo mikubwa inaitwa melasomini, nayo ina aseniki. Inadungwa ndani ya nyama ya mgongo: sindano moja, kisha baada ya mwezi sindano mbili zenye siku moja kati yake. Kabla ya hapo mbwa hupewa vidonge vya doksisaiklini kwa wiki 4. Minyoo ikifa haitoki nje. Inavunjika vipande vipande na kuziba mishipa ya mapafu. Kwa hiyo mbwa lazima afungwe na kutulia kwa miezi, asikimbie wala kufukuza mwizi. Mbwa anayeachwa huru baada ya sindano anaweza kufa kwa ghafula. Mambo haya unamfanyia mbwa ambaye umehakikisha ni mgonjwa. Na akishatibiwa, msikimbilie kumpima mwezi unaofuata, maana ile protini inakawia katika damu. Shauri la siku hizi ni kungoja miezi 9 tangu sindano ya mwisho.

Tena tuwaonye juu ya ile dawa ya ng'ombe. Kiasi cha aivamektini cha kumkinga mbwa na mnyoo wa moyo ni maikrogramu 6 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa mwezi. Kiasi cha ng'ombe ni maikrogramu 200 kwa kilo, zaidi ya mara 30. Mbwa mwenye vitoto vingi katika damu anaweza kuzimia vitoto hivyo vikifa vyote kwa pamoja, na kuna mbwa wa jamii ya kolli, hata wale machotara wao, ambao dawa hii kwa wingi inawaharibu ubongo. Msipime kwa macho, wala kwa kifuniko cha chupa.

TUSISAHAU LILILO KUBWA

Mtatuuliza, "Pesa za kikundi ni kidogo. Tuanzie wapi?" Tunasema wazi: anzeni na chanjo ya kichaa cha mbwa. Mnyoo wa moyo unaua mbwa. Kichaa kinaua mbwa na mtoto wako. Mwaka 2014 serikali yetu ilizindua mpango wa kukomesha kichaa kinacholetwa na mbwa ifikapo mwaka 2030, na bila vikundi vya vijijini hautafika. Na tukiwa bado katika habari za vipimo, kichaa kinahakikishwa kwa kupima ubongo wa mbwa aliyekwisha kufa. Kwa hiyo mtu akiumwa, msingoje kipimo chochote. Osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya chanjo, fukieni vidimbwi, mwageni maji yaliyokaa katika madebe na matairi. Mbu wachache ni mnyoo mchache kwa mbwa, na malaria kidogo kwa watoto. Kazi hiyo haitaki kipimo wala pesa. Inataka jembe na siku moja ya kikundi.

Mtume Paulo aliwahimiza Wathesalonike kupima kila jambo na kushika lililo jema. Nasi tunawaomba mpime, halafu mkiupime hata kipimo chenyewe. Mungu abariki kazi za mikono yenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Mbwa wetu ni wangapi? Wangapi wamechanjwa kichaa mwaka huu?
2. Ni nani kati yetu amempa mbwa dawa ya ng'ombe? Tumwambieje daktari?
3. Mahali petu, tuishuku zaidi "ndiyo" au "hapana"? Kwa nini?
4. Ni nani atakayeshika daftari la mbwa la kikundi?
5. Maji yaliyotuama yako wapi, na tutayaondoa siku gani?